Saa za Kobe

"Imekataa tena," alisema Asmini, na safari hii hakujisumbua kugeuza skrini ili Somoe aone.

Hakukuwa na haja. Ujumbe ulikuwa uleule tangu Mizani izinduliwe: *Programu-jalizi haikupakiwa.* Maandishi mekundu, nukta mwishoni, basi. Hakuna sababu, hakuna namba ya kosa, hakuna hata pole. Walioandika mfumo endeshi wa Kobe walikuwa watu wa maneno machache. Somoe Likwata kwa kawaida aliwapenda mafundi wasiopiga soga, lakini siku hizi aliwalaani kila asubuhi kabla ya chai.

"Umejaribu kuifuta na kuiweka upya?"

"Nimeifuta, nimeiweka, nimeibembeleza. Bado kuiimbia tu." Asmini alicheka, kisha akashika ukingo wa meza akasubiri pumzi imrudie. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka alikuwa amevaa kandambili za mumewe.

Wanawake hawa wawili ndio waliokuwa mafundi wa Ushirika wa Figo wa Munyuni. Munyuni ni mji wa chumvi. Joto lilipozidi duniani, miji mingine ililia, Munyuni ikashangilia, maana jua kali lilikausha mabwawa ya chumvi upesi mara mbili kuliko zamani. Kilichosahaulika ni kwamba aliyesimama bwawani na reki mkononi naye alikuwa anakauka. Kwanza zikafa figo za wazee, halafu za watoto wao, na sasa karibu kila nyumba ilikuwa na sanduku jeupe kando ya kitanda, limeunganishwa na mkono wa mtu, likimsafishia damu usiku kucha. Watu waliliita mke mwenza, kwa kuwa halikubali ulale peke yako.

Masanduku yalikuwa ya aina mbili. Mtaa wa Juu walikuwa na mapya, yanayotumia mfumo wa Tausi. Mtaa wa Reki, walikoishi wavunaji wa zamani, walikuwa na yale ya kwanza kabisa, ya mfumo wa Kobe. Yote yalikula umeme wa uwanja mmoja wa paneli za jua, na upepo wa chumvi ulikuwa unazila paneli hizo pole pole. Vipuri viliagizwa. Vipuri havikuja. Umeme wa betri ukawa hautoshi kumfikisha kila mtu asubuhi, na hapo ndipo mkutano wa Ushirika ulipopiga kura kuileta Mizani.

Mizani ilikuwa skripti ndogo tu. Ilitumwa kwa kila sanduku kulipangia saa za kusafisha usiku ule. Ilitazama umri, moyo, nguvu za mwili na idadi ya wanaomtegemea mgonjwa, ikawapanga watu wote kwenye foleni moja, kisha ikachora mstari pale umeme ulipoishia. Aliye juu ya mstari alipata usiku mzima. Aliye chini alipata saa moja, ya kumpunguzia kichefuchefu, nayo ikaitwa saa ya faraja. Jina zuri. Wanaopanga vifo vya wenzao huwa hawakosi majina mazuri.

Mtaa wa Juu skripti ilipakia siku ya kwanza bila wasiwasi. Mtaa wa Reki ikagoma, na sanduku la Kobe lisipopata amri hufanya lililoumbiwa: husafisha mpaka asubuhi. Basi upungufu wote ukabebwa na Mtaa wa Juu. Asmini alikuwa wa Mtaa wa Juu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, moyo dhaifu, na binti aliyekuwa bado hajui kufunga vifungo vya gauni lake.

"Nimepiga hesabu, dada," alisema. "Kobe zote zikipakia, mstari unashuka na mimi naingia. Mtu wa mwisho kabisa, lakini naingia."

"Mkia wa foleni."

"Mkia nao ni foleni."

Somoe hakucheka. Alikuwa anaitazama Kobe ya majaribio pale mezani, iliyotoka katika nyumba ya marehemu mmoja wa Mtaa wa Reki. Kule nyumbani ilikuwa imekataa Mizani. Walipoileta ofisini na kuiwasha upya, ikapakia mara moja, tena kwa adabu. Wakaipeleka kwa mgonjwa mwingine mtaani, ikakataa. Wakairudisha, ikakubali. Waliishuku chumvi, wakashuku nyaya, wakashuku mabati ya nyumba. Somoe alifikia kushuku majini, kwa mzaha, lakini si mzaha wote.

"Naenda kwa baba," alisema, akichukua begi la vifaa. "Nitakaa na sanduku lake mpaka liniambie linachotaka."

"Msalimie." Asmini akamngoja afike mlangoni. "Somoe. Likikuambia, utanijulisha?"

"Nitakujulisha."

Ilikuwa ahadi nyepesi wakati ule, na Somoe aliitoa bila kuipima.

*

Mzee Likwata alimpokea binti yake kwa lawama, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Marahaba. Umekonda. Hiyo kazi yenu inakulipa kwa upepo?"

"Nimekuja kuliangalia sanduku, baba."

"Mke mwenza hana neno. Wewe ndiye mwenye neno. Kaa unywe chai kwanza, mashine haina haraka."

Alikuwa mtu mfupi, mikono imepasuka kwa chumvi ya miaka arobaini, ulimi haujapasuka hata kidogo. Mkewe alikufa kabla masanduku hayajafika Munyuni. Yeye aliwahi lile la kwanza kabisa, na tangu siku hiyo aliishi kwa bidii ya mtu aliyepewa kitu ambacho mwenzake alikikosa. Hakuwa na hekima ya kuuza. Alipenda bao, alipenda kahawa asiyoruhusiwa, na alichukia kuambiwa habari za kufa.

Somoe alikunywa chai huku simu yake ikisoma kumbukumbu za sanduku. Kila kitu kilikuwa sawa. Toleo sawa, ruhusa sawa, nafasi ipo, skripti imefika nzima. Imefika, imefunguliwa, imekataliwa.

"Saa mbili hii, na jua limeshaanza fitina," alisema mzee, akiutazama uso wa sanduku badala ya saa ya ukutani iliyokufa zamani.

Somoe naye akautazama. Ulionyesha 02:04.

Alikuwa ameutazama uso ule mara ngapi? Kila alipokuja. Saa mbili ni saa mbili. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, watoto wakienda shule ni saa moja. Akanywa funda jingine la chai. Kisha akakiweka kikombe chini taratibu.

"Baba, saa hii aliiweka nani?"

"Mimi mwenyewe, nani tena? Siku lilipofungwa likaniuliza, saa ngapi? Nikamwuliza yule kijana aliyelileta, akasema andika wewe mwenyewe, mzee, ni lako. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikaandika tatu, nikaweka dole gumba." Akajivuna kidogo. "Sikukosea hata mara moja."

Hakukosea. Mtaa mzima haukukosea. Masanduku yalifungwa asubuhi, yakauliza saa, na kila mvunaji akajibu kama angelimjibu jirani yake. Tausi ilichukua saa yake kwa setilaiti na haikumwuliza mtu. Kobe iliundwa na watu wasiomwamini yeyote aliye mbali: saa yake haikuweza kuguswa ila kwa kidole cha mwenye sanduku, na saa hiyo ndiyo iliyopimia mihuri. Kila skripti ya Mizani ilikuja na muhuri wenye saa yake ya kuzaliwa na saa yake ya kufa, tofauti ya saa sita, ili isichezewe njiani. Muhuri wa alfajiri ulizaliwa saa sita kwa saa za kizungu. Sanduku la Mzee Likwata, lililoamini kwamba ni saa mbili, lililiona jambo hilo kuwa bado halijatokea. Barua kutoka kesho. Likaitupa, kama lilivyofundishwa kutupa vitu vya kughushi. Na saa yake ilipofika sita, adhuhuri, muhuri ule ulikuwa umeshakufa na umekuja mwingine, nao bado haujazaliwa.

Kobe huuliza saa upya kila inapopata mwenye mpya; ofisini ile ya majaribio iliwekwa saa na mhandisi mgeni, na baadaye na Somoe mwenyewe, ambaye kazini hufikiri kwa saa za kizungu na nyumbani kwa saa za mama yake, wala hakuwahi kuziona zikikutana.

"Limekuambia?" aliuliza mzee.

"Bado, baba," alisema Somoe. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka bila kugonga mlango.

*

Alikaa na jambo lile siku nzima, akizunguka mabwawani mpaka viatu vikawa vyeupe. Baba yake angekuwa chini ya mstari. Hakuhitaji Mizani imwambie: umri mkubwa, watoto wameshakua, hana anayemtegemea. Na karibu Mtaa wa Reki wote wangekuwa naye huko. Kwa upande wa pili, kila siku aliyonyamaza, Mtaa wa Juu ulimzika mtu ambaye hata Mizani yenyewe ingemwacha aishi.

Jioni akamwendea meneja. Bwana Mtavangu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Saa," alisema. "Saa tu."

"Saa tu. Lakini haiwezi kubadilishwa kutoka hapa. Lazima gumba la mwenye sanduku."

"Basi utapita nyumba kwa nyumba."

"Nikawaambie nini?"

Meneja hakuwa mtu mbaya. Mdogo wake wa kiume alikuwa amekufa Mtaa wa Juu wiki mbili nyuma, na alikuja kazini siku ya pili yake kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzigawa betri. "Waambie umekuja kurekebisha saa ya mashine. Si kweli?"

"Ni kweli nusu."

"Walipiga kura kama sisi, Somoe."

"Walipiga kura wakiambiwa ni mpango wa kugawana umeme. Hakuna aliyewasomea habari za mstari."

"Na ukiwasomea leo, nani ataweka gumba? Ungeweka wewe?" Akavaa miwani yake. "Tukigawa sawa kwa sawa, kila mtu atapata nusu ya kinachohitajika, na nusu haimwachi mtu hai. Daktari ametuambia sote, na wewe ulikuwepo. Mimi sikulazimishi. Kama una njia nyingine, niambie sasa hivi nikushukuru."

Hakuwa na njia nyingine. Alitamani meneja ampigie kelele, amtishie kazi, apate mtu wa kumchukia. Hakumpa.

*

Alianza na mwisho wa mtaa, mbali na nyumba ya baba yake.

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Watu walimjua. Huyu ni Somoe wa Likwata, tumemwona akitambaa. Walimfungulia milango, wakampa kiti, wakamlalamikia kuhusu wakwe zao. Yeye akafungua ukurasa wa saa, akaandika tarakimu mwenyewe, akasema, "Weka dole gumba hapa, mzee wangu," nao wakaweka. Sanduku likalia mlio mmoja mfupi. Kabla hajafika mlango wa pili, simu ilitetemeka mfukoni: *Programu-jalizi imepakiwa.* Kwa rangi ya kijani.

Bi Arafa aliishi ukuta kwa ukuta na Mzee Likwata. Alikuwa shoga wa marehemu mama yake Somoe, na mama alipokufa ndiye aliyemsuka nywele msichana yule kila Ijumaa bila kuombwa na mtu. Alikuwa amepika mkate wa kumimina.

"Kula. Usiniletee habari za haraka. Mtu akipita kwangu bila kula nitadhani ananidai."

Somoe akala. Mkate ulikuwa mtamu.

"Haya, linaumwa nini hili sanduku langu?"

"Saa yake, bi mkubwa. Imerudi nyuma."

"Ah, hata mimi yangu imerudi nyuma, mbona huji kunirekebisha?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha gumba lenyewe, kavu, na kovu la reki pembeni. "Baada ya hapa litanisafisha vizuri zaidi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Somoe alipaona wazi. Aliifikiria miguu ya Asmini katika kandambili za mumewe, akamfikiria yule mtoto na vifungo vyake.

"Litafuata mpango mpya, bi mkubwa."

"Mpango ni jambo jema." Akaweka gumba. Mlio mfupi. "Mungu akuweke, mwanangu. Mama yako angeona unavyotuhangaikia."

Somoe alitoka nje akasimama kivulini kati ya nyumba mbili. Ilibaki moja. Kupitia dirishani alimsikia baba yake akimgombeza mtu katika bao, akidai kete zimeibwa. Alisimama pale mpaka jasho likamkauka mgongoni. Kisha akalifunga begi, akapita mlango wa baba yake bila kugonga, akarudi ofisini.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji, wakidhani wameisifu damu. Siku ile Somoe alijua maana nyingine ya uzito.

*

"Moja imebaki," alisema Asmini siku iliyofuata.

Alikuwa amelala juu ya mkeka ofisini, kompyuta tumboni. Hakuweza tena kukaa kitini.

"Naiona."

"Mstari umeshuka, dada. Umeshuka mpaka kwa aliye mbele yangu." Aligeuza skrini. Majina yote ya Mtaa wa Reki yalikuwa ya kijani isipokuwa moja, na katika foleni ndefu ya Mizani, chini kidogo ya mstari, lilikuwepo jina la Asmini Mbaruku: saa ya faraja. "Sanduku moja linalokula usiku mzima bila ruhusa. Linakula wangu."

"Lina shida. Nalishughulikia."

Asmini alimtazama. Uso wake ulikuwa umejaa maji na macho yamekuwa madogo, lakini yalikuwa yaleyale yaliyomfundisha Somoe kusoma kumbukumbu za Tausi walipoanza kazi pamoja.

"Najua ni la nani," alisema.

Somoe akaendelea kuitazama skrini.

"Sikulaumu. Baba yangu angekuwa hai ningefanya nini? Sijui. Sitaki kujua." Akafumba macho. "Ila usiniambie lina shida. Mimi ni fundi. Wadanganye wasiojua."

Aibu ilimshika Somoe, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alikaa mkekani, akamkanda Asmini miguu, na kidole chake kilipobonyea kiliacha shimo lisilofutika. Alipoinuka kuondoka Asmini alimshika pindo la gauni.

"Ukienda kwake, ukilijaribu, niandikie. Kwa namna yoyote. Imekubali au imekataa. Nisikae nikisubiri."

"Nitakuandikia."

*

Bi Arafa alikufa wiki ileile. Alitanguliwa na wawili wa kule mwisho wa mtaa, na siku aliyozikwa yalitoka majeneza mengine mawili, hata msikitini vikakosekana vikoi vya kufunikia.

Somoe alikwenda matangani kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema. Wanawake walimkumbatia. Mmoja alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ni bahati alifika kurekebisha saa kabla mama yule hajafa, angalau alikufa akihudumiwa. Aliosha sahani mpaka vidole vikakunjamana. Asubuhi ya siku ya tatu baba yake akamwita nyumbani kwake, akafunga mlango.

"Kaa."

Hakumlaumu kwamba amekonda. Ndivyo Somoe alivyojua.

"Tangu juzi nakaa pale jamvini na wanaume," alisema mzee. "Wote wamevimba. Huyu hawezi kumeza, yule hawezi kusimama. Mimi peke yangu nakula ubwabwa na kushiba. Wananitazama kama mwizi wa kuku. Nikajiuliza, Likwata, wewe una nini? Nikahesabu. Wote uliwapitia. Wote uliwashika gumba. Mimi hukunipitia."

"Baba..."

"Njia ya mwongo fupi, Somoe. Mimi sikukufundisha kusema uongo. Nilikufundisha matusi, lakini si uongo. Nieleze."

Akamweleza. Mizani, mstari, saa ya faraja, Mtaa wa Juu. Akamweleza hata kuhusu Asmini, jina lake na mtoto wake. Kitu kimoja tu hakukifafanua: alisema waliharibikiwa na saa, saa ikirekebishwa sanduku linatii. Hakusema saa ilikuwa imekosewa vipi. Hakupanga kukificha. Kilijificha chenyewe, na yeye akakiacha.

Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Naogopa kufa," alisema. "Sikufichi. Naogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote. Mama yako alipokuwa anakwenda nilikuwa nje, nilishindwa kuingia ndani. Sasa unielewe vizuri, mimi si mtu mwema, sifanyi hili kwa wema. Nafanya kwa sababu kesho lazima nikae tena jamvini na watu hawa, na siwezi."

"Utakufa, baba. Siku kumi, labda na mbili."

"Na huyo binti?"

"Ataishi."

"Basi." Akajikokota hadi kitandani, akaketi mbele ya sanduku jeupe. Somoe alisimama kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. "Wewe kaa. Liliponijia mara ya kwanza niliweka mwenyewe, na leo naweka mwenyewe. Sitaki uje kusema ulimwua baba yako."

Alibonyeza, akakosea, akatukana, akabonyeza tena. Ukurasa ukafunguka. Aliujua. Uso wa sanduku ulimuuliza swali lilelile la siku ile ya kwanza, na mshale mdogo ukawa unapepesa ukisubiri tarakimu. Mzee alipangusa gumba lake kwenye kikoi.

"Saa ngapi sasa hivi, mwanangu?"

Somoe aliitazama saa ya mkononi mwake. Ilionyesha tisa na robo, kwa saa za kizungu. Nje watu walikuwa wakimsomea Bi Arafa. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa tisa. Aliona mgongo wa baba yake chini ya fulana, mifupa ikihesabika, na gumba limeinuliwa, linamngojea yeye.

Alisema kama alivyofundishwa na mama yake, kama ambavyo mtu yeyote wa Munyuni angejibu akiulizwa njiani.

"Saa tatu na robo, baba."

Mzee akaandika tatu. Akaandika kumi na tano. Akaweka gumba, akalikandamiza kwa nguvu, macho ameyafumba. Sanduku likalia mlio mmoja mfupi, uleule lililolia katika nyumba zote.

"Haya," alisema, na pumzi ikamtoka ndefu. "Sasa niko sawa na wenzangu." Aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na uso wake ulikuwa mwepesi, Somoe hakuwahi kumwona hivyo tangu mama yake alipokuwa hai. "Nipe fimbo yangu. Nataka kwenda kukaa nao."

Akampa fimbo. Akamfungulia mlango, akamwona anavuka uwanja kuelekea jamvini, wanaume wakisogea kumpa nafasi.

Kisha akarudi ndani, akaketi kitandani kando ya lile sanduku, akatoa simu. Ujumbe wa Asmini ulikuwa umeshafika, neno moja na alama ya kuuliza.

Somoe akamwandikia: *Imekataa.*